Nyuma Geuka ya Naguru

Mnisamehe, kisa hiki kilistahili sauti ya kijeshi, nami nina sauti ya kuchekesha harusini.

Juzi huko Naguru, wanajeshi wastaafu walipanga foleni kwa wakala mmoja wa ajira za ulinzi, watie sahihi kwenda kulinda kambi katika vita vya watu wengine ng'ambo. Nilijipenyeza kwenye foleni hiyo nikitafuta kichekesho. Akaingia sajini wa zamani mwenye mkono mmoja, ambaye siku hizi anapinga vita na kuwaunganisha walinzi katika chama cha wafanyakazi.

"Ssebo, bwana mkubwa, hapa hakuna mkutano," karani akasema.

Aliyekuwa mbele, kalamu mkononi, akanong'ona, "Afande, nina watoto wanne."

"Basi wanakuhitaji mzima. Nimeshazika watoto wa maskini wa kutosha. Mshahara tutaudai hapa hapa, pamoja." Kisha akanguruma: "Kikosi, mguu sawa! Nyuma geuka! Mbele tembea!"

Visigino vikalia kama kimoja. Foleni nzima ikatoka, vifua mbele, mpaka ofisi ya chama chake ng'ambo ya barabara. Fahari ilinitoa machozi.

Ila mimi, niliyeigiza jenerali jukwaani miaka ishirini, niligeuka mara mbili, nikajikuta uso kwa uso na karani. Nilikuwa nimeshaandika nusu ya jina langu kwenye fomu sajini aliporudi kunivuta sikio kwa mkono wake mmoja.