Watu Waliomjia Mama Baada ya Macho Kufa

Mama yangu alianza kuwaona wale watu baada ya kupofuka kabisa. Hiyo ilikuwa miaka ya sabini. Nilikuwa nikifundisha biolojia katika shule ya wasichana karibu na Kerugoya, na kila shule ilipotupa nafasi nilikwenda Endarasha kumwona. Aliishi na kaka yangu na mke wa kaka katika shamba tulilopata baada ya uhuru, mahali pa upepo na baridi, pareto upande mmoja, viazi upande mwingine.

Macho yake yaliharibiwa polepole na presha ya macho. Alianza kugonga miimo ya milango kwa bega, halafu akawa anamimina chai nje ya kikombe. Tulipomfikisha hospitalini Nyeri, daktari alituambia kwamba mshipa unaopeleka picha kwenye ubongo umekufa, na ukishakufa haurudi. Nilielewa kila neno. Nilikuwa nimepasua macho ya ng'ombe darasani, yale niliyokuwa nikiyaomba kwa muuza nyama, nikawaonyesha wasichana ule mshipa mweupe unaotokeza nyuma ya jicho. Sasa niliuona mshipa huo ndani ya kichwa cha mama yangu, umenyauka, na kujua kwangu hakukumsaidia hata kidogo.

Jumamosi moja nilimkuta ameketi nje kwenye jua, uso ameuelekeza zizini. Alikuwa akitabasamu.

"Mwarimu," akasema, maana ndivyo alivyoniita tangu nipate kazi, "kaa hapa, lakini pole pole. Usiwakanyage."

"Nisiwakanyage akina nani, Maitu?" Ndivyo tulivyomwita mama kwa lugha ya kwetu.

"Hawa watoto."

Akanieleza. Walikuwa wanapita kando ya ua, wadogo, hawafiki hata gotini, wamefuatana kama wanaokwenda mahali wanapopajua. Wamevaa kofia ndefu za manjano zilizoshonwa kwa uzi mwekundu. Alipeleka kiganja chake mbele ya uso. "Mkono wangu huu siuoni," akasema. "Lakini zile kofia, naona mpaka mshono."

Nilifanya nilichofundishwa kufanya: nikauliza maswali. Wanaongea? Hapana, hata hatua zao hazisikiki. Wanakuangalia? Hapana, wako na shughuli zao. Ukifumba macho je?

Akafumba. "Wameenda." Akafumbua, akangoja kidogo. "Wamerudi. Mmoja ameinama anafunga kiatu."

Kaka yangu alinivuta kando, karibu na tangi la maji.

"Amekuwa hivyo tangu mvua iishe," akasema. "Ati anaongea na ukuta. Mke wangu anaogopa kumwachia watoto. Majirani wameanza kusema ni mapepo."

Akina mama wa kanisa walikuwa wamekwisha kuja kumwombea, wakamwekea mikono kichwani. Kaka alikuwa anafikiria kumpeleka Nairobi, kwenye hospitali ya wagonjwa wa akili. Nilimwomba asifanye lolote kabla sijaongea na daktari.

Daktari wa Nyeri alinisikiliza mpaka mwisho, na hakushangaa.

"Mama yako hana wazimu," akasema. "Ubongo ulizoea kuletewa picha na macho. Sasa haziji, kwa hivyo unajichorea zake."

"Mbona kofia za manjano?"

"Hapo sijui. Sidhani kuna anayejua."

"Na dawa?"

"Hakuna. Mara nyingi picha hizo huisha zenyewe."

Nilirudi Endarasha na furaha ya mtu aliyepata jibu. Kaka alinisikiliza, akatazama chini. "Kwa hivyo hakuna kitu mnaweza kufanya," akasema. Mambo ya Nairobi aliyaacha. Maombi yaliendelea.

Kisha nikamweleza mama mwenyewe, kwa lugha nyepesi kadiri nilivyoweza. Nilimwambia kuwa wale watoto hawatoki nje, ni kichwa chake kinachowatengeneza. Alikuwa anamenya viazi kwa kupapasa. Kisu kikasimama.

"Kinawatengeneza na nini?" akauliza. "Mimi nimelima maisha yangu yote. Kofia kama hizo sijaziona kwa mtu yeyote, hata kwa wazungu waliokuwa hapa."

Nikaokota ganda la kiazi lililoanguka karibu na mguu wake.

"Kwa hivyo wametoka kwangu?"

"Wametoka kwako, Maitu."

Akacheka taratibu. "Na mimi sijawahi kuchora hata mbuzi," akasema, akaendelea kumenya.

Darasani nilikuwa na maneno niliyowaambia wasichana kila tulipotoa darubini: chora unachokiona, usichore unachodhani kipo. Jumatatu iliyofuata nilianza kuyasema, nikayakatiza katikati, nikawaambia tu wachore.

Miezi ilipita, na watu wake wakaanza kufifia. Hilo aliniambia mimi peke yangu, kwa sauti ya chini, kama mtu anayezungumza juu ya mgonjwa aliye chumba cha pili. Rangi ya manjano ilitangulia kuondoka. Baadaye wakawa vivuli vya kijivu, wachache, wanapita kwa haraka. Siku nyingine hawakuja kabisa. Nilijua kinachotokea, kwa kuwa daktari aliniambia, na nilichoweza ni kumshika mkono.

Nyumbani waliona haongei tena na ukuta, na habari ikafika kanisani kwamba ameponywa. Jumapili moja mhubiri alimwita mbele atoe ushuhuda, nami ndiye niliyemshika mkono mpaka pale. Alisimama akivuta ncha za kitambaa chake cha kichwani.

"Ni kweli," akasema mwishowe. "Wameenda."

Akageuka kutaka kurudi kwenye benchi. Watu wakapiga makofi, wimbo ukaanzishwa, na wale akina mama waliomwombea walilia kwa furaha. Walikuwa wanampenda. Nikamwongoza arudi kwenye benchi.

Nyumbani aliketi palepale kwenye jua na machozi yakamtoka bila sauti.

"Muulize yule daktari," akasema, "kama kuna dawa ya kuwarudisha."

Nilimuuliza. Daktari aliweka kalamu chini, akaniambia kwamba hajawahi kuulizwa hivyo na mtu yeyote. Dawa ya namna hiyo haikuwapo.

Mama aliishi miaka kadhaa baada ya hapo, na wale watu hawakurudi. Kila nilipokwenda alinitaka nimwambie ninachokiona. Nilijaribu. Asubuhi moja mawingu yaliondoka kwenye mlima unaoonekana kutoka shambani, nikamwambia kwamba kilele kiko wazi leo, kina theluji kidogo upande wa kushoto.

"Ehe," akasema, ameinua uso, akingoja niendelee.

Nikatazama tena ule mlima. Niliona kilele na theluji, basi.