Siku Mchele Wetu Ulipogeuka Harusi

Mpaka leo nikipita sokoni hapa kwetu Kasongo, Kongo, kuna watu wananiuliza bwana harusi anarudi lini, na mimi nacheka nao kwa sababu nikinuna ndiyo watazidi, lakini jamani, siku ile nilitamani ardhi ipasuke niingie.

Mambo yalianza vizuri. Sisi wanawake tunaolima mpunga tulisikia redioni kwamba nchi za Afrika zimekubaliana kuwa soko moja, ushuru wa mipakani upungue, na kweli mfanyabiashara mmoja wa Kigoma akatuma ujumbe kwamba anakuja kuuona mchele wetu. Akiupenda, atachukua mavuno yote. Asipoupenda, tutabaki na walanguzi wanaotupangia bei watakavyo. Mimi ndiye mwenyekiti, basi nikajitia akili: tushone wote kitenge cha aina moja, mgeni aone sisi ni shirika la kweli na si mama wa kupiga soga. (Mama Zaina, mkulima mwenzetu, alinionya, nikamwambia ana wivu.)

Sasa ninyi mnaojua kwetu, niambieni: wanawake wamevaa kitenge kimoja, turubai limefungwa uani, mwanamume wa suti ameketi katikati, na pembeni yake mjane, yaani mimi, aliyesuka nywele jana. Hiyo ni nini? Jirani wa kwanza akaingia na jogoo mkononi, wa pili na ngoma. Vigelegele vikaanzia barabarani, mgeni akadhani ndivyo tunavyopokea wanunuzi, akawa anapunga mkono, na kila akipunga wanazidi. Na watu wakishaketi chini ya turubai lako huwezi kuwaacha na njaa, ni aibu ya ukoo mzima, kwa hiyo akina mama wa jikoni, bila kuniuliza, wakapika mchele uliokuwepo, yaani ule wa sampuli tulioupepeta na kuuchagua punje kwa punje.

Mara pikipiki ikasimama. Akashuka Shabani, mdogo wa marehemu mume wangu, vumbi mpaka kwenye nyusi, kutoka Lusangi (kumbe mtu alishampigia simu tangu turubai linafungwa).

"Mama Feza, unaolewa na sisi hatujue? Huyu mutu alijionyesha kwa nani katika jamaa?"

"Shemeji, si ndoa. Iko muchele tu."

"Na muchele yenyewe iko wapi?"

Nikageuka kumwonyesha. Ulikuwa kwenye sahani za watu.

Mgeni ndipo akaelewa. Akashusha mkono, akasema taratibu kwamba yeye ana mke Kigoma, na Mama Zaina akashindwa kujizuia, akaangua kicheko. Nikaomba radhi, nikijua biashara imekufa.

"Mama, mimi nilikuja kwa ajili ya mchele," akasema, akinisogezea sahani yake. "Hebu niongezee."

Akala ya pili, akasema lori litakuja baada ya mavuno. Shabani naye njaa ya safari ikamshinda, akavuta kiti, akauliza kama mpunga wa Lusangi nao una nafasi kwenye lori hilo.

Nimeapa: mgeni mwingine akija, kila mwanamke atavaa nguo yake, hata iliyopauka. Ila hili nawaambia ninyi tu. Tangu nifiwe hakuna aliyenipigia vigelegele, na siku ile, nilipotambua watu wanadhani nini, sikusema mara moja. Nilikaa kidogo pale kwenye kiti, nikasikiliza.