Nimefukuza tembo kwa simu

Leo nimefukuza kundi la tembo peke yangu, nikiwa hapa Rumonge!

Sawa, nimeongopa kidogo. Nilikuwa na simu tu.

Asubuhi shemeji Pascal alinipigia toka Mishamo, Tanzania, kule tulikolima wakati wa ukimbizi.

"Shemeji, tembo ziko mu mahindi. Naweka sumu."

"We mupumbavu! Ziko na katoto?"

"Iko kamoja."

"Acha sumu! Changanya pilipili na mavi yao makavu, uchome."

Akachoma. Tembo zikakimbia na katoto kao.

Lakini upepo ukageuka, moshi ukaingia nyumbani. Mama yake Pascal, ndiye mama mukwe wangu, naye akakimbia bila fimbo, anakohoa, namusikia kwa simu ananitukana mimi!

Nyinyi wenye mama mukwe, nitamutazama na macho gani?

Pascal, mahindi nimekuokolea. Nilipe hivi: ile sumu irudishe dukani leo.