Kipete cha Mpira na Honi ya Pantaleo

Pantaleo alizaliwa Ushirombo, katika ukoo wa Wasumbwa waliotarajia padri wakapata dereva. Hawakulalamika sana. Dereva naye huwakumbusha watu sala zao.

Mwaka wa sabini na mbili alikuwa Segese, akiendesha lori la chama cha ushirika. Alikuwa amemwoa Msukuma, Salvina, na pamoja na Salvina akapewa, bila kuomba, kaka yake Makoye. Huyu Makoye alikuwa utingo wa lori hilo siku za kazi, na siku za ngoma alikuwa manju, kiongozi wa wachezaji, wa Bagika.

Bagika na Bagalu ni pande mbili za ngoma zinazoshindana kila baada ya mavuno. Kila upande una hakika kwamba mwenzake hashindi bila dawa. Kushindwa kwa sababu ya kucheza vibaya ni jambo ambalo huku halijawahi kumpata mtu.

Basi msimu ule wa ngoma honi ya lori ikaanza kulia yenyewe. Mara ya kwanza ilikuwa kwenye korongo la njia ya Bugarama, mikono yote miwili ya Pantaleo ikiwa kwenye usukani. Ikalia tena kwenye matuta, ikanyamaza kwenye tambarare. Siku moja lori likawapita watu wanaotoka kuzika, likipiga honi kama linampeleka bibi harusi kwa mumewe. Pantaleo alitamani kujificha chini ya kiti, ila alikuwa anaendesha.

Bagalu hawakuhitaji muda wa kufikiri. "Limetiwa dawa hilo! Wanataka kutuvunja moyo kabla ya mashindano." Mama Bujiku, mwenye pamba nyingi kuliko wote na Mgalu wa kupindukia, akaamuru magunia yake yashushwe. Wengine wakafuata. Ghala likajaa hadi mlangoni, na upande wa magharibi mawingu yalikuwa yameanza kujipanga.

Mwenyekiti wa chama, mzee Apolinari, hakuamini dawa, lakini aliamini ghala lililojaa. "Pantaleo, Jumatatu lori lisipopakiwa, utaniachia funguo. Nitatafuta dereva ambaye honi yake inamsikiliza."

Pantaleo hakuwa na shamba, wala ng'ombe, wala ufundi mwingine. Alikagua kitufe cha honi, akakikuta kizima. Akanyunyiza maji ya baraka juu ya injini. Walipofika korongoni, honi ikaitikia.

Jumapili baada ya misa akaenda uwanjani kumtazama shemeji yake akicheza, kwa sababu Salvina alisema kukaa nyumbani na uso ule kutachachusha maziwa. Makoye alikuwa anaruka huku njuga zikilia miguuni. Kila mwaka, kufikia saa hiyo, waya wa njuga ulikuwa umeshamchana kifundo cha mguu, damu inatiririka. Safari hii mguu ulikuwa safi.

"Shemeji," Pantaleo akamwuliza alipopumzika, "mwaka huu hukuchanika?"

"Nimepata mpira. Tazama, waya unapita katikati, ncha yake hainigusi. Hata mlio umekuwa mtamu."

"Umeupata wapi?"

"Kwenye lori, nilipokuwa nafuta vumbi. Ulikuwa hauna kazi, umekaa kwenye tundu tu."

Pantaleo akaangalia kile kipete cheusi, kidogo kama pete ya kidole. Kazi yake ilikuwa hiyohiyo, kukaa kwenye tundu tu. Alikimbia na nguo zake za misa hadi kwenye lori, akafungua boneti. Pale waya wa honi unapotoboa bati kutoka kwenye injini kuja kwa dereva, tundu lilikuwa tupu. Makali ya bati yalikuwa yameukwangua waya mpaka shaba inang'aa. Kila lori liliporuka, shaba iligusa bati, na honi ikalia.

Makoye alimfuata akihema, njuga bado mguuni. Alipoona, akakaa chini, akakifungua kile kipete katikati ya mashindano. Bagika walimwita kwa matusi. Hakugeuka.

"Nilikitunza lakini, shemeji. Hakijaingia mafuta."

"Wabeja," Pantaleo akamshukuru kwa Kisukuma, na kwa kweli alimaanisha.

Ilibaki Mama Bujiku. Jumatatu asubuhi Pantaleo akamfuata ghalani na lori.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Sipakii."

"Usipakie. Nishikie waya tu."

Mama akaugandamiza kwenye ukingo wa bati: honi ikapiga kelele, kuku wakatawanyika. Pantaleo akaizungushia utepe ile sehemu iliyochubuka, akapachika kipete kwenye tundu, akaupitisha waya katikati. "Haya, utikise, mama. Utikise kwa nguvu za Bagalu."

Akautikisa hadi kilemba kikamvuka. Kimya.

Mama Bujiku akainama, akakikazia macho kile kipete. "Kumbe dawa ndiyo hii," akasema. "Na ya kwenu Wasumbwa ina nguvu kuliko ya Bagika."

Mzee Apolinari, aliyekuwa akitazama kutoka mlangoni, alifungua kinywa apate kumwelimisha. Pantaleo akamkanyaga mguu, kwa heshima zote.

Wakapakia. Makoye alibeba magunia ya Mama Bujiku yote peke yake, naye mama akimhesabia makosa ya wachezaji wa Bagika kila aliponyanyua gunia. Mchana lori likaondoka, Makoye na Mama Bujiku wakiwa juu ya magunia, kuelekea kiwanda cha kuchambulia pamba, limeelemewa hadi springi zinalia.

Kwenye korongo la Bugarama Pantaleo akashika usukani, akabana pumzi. Lori likatumbukia, likapanda, likayumba. Alisikia injini, magunia yakisuguana, na Makoye kule juu akimwambia Mama Bujiku ajishikilie.

"Asante," akasema Pantaleo kwa sauti, akiwa peke yake mbele. Hakutaja anamshukuru nani. Waliostahili walikuwa wengi, na mmoja wao alikuwa wa mpira. Kisha akabadilisha gia.