Hatua za Kumsindikiza Mgeni

Nakumbuka asubuhi moja kule mtaani Kaloleni, mwanangu, nikiwa bado mke mchanga na Rose wangu mgongoni, nilipomkaribisha jirani kwa chai. Usicheke. Najua mnaniita shosho, bibi wa kiti, eti hata mandazi nayangoja yanifuate. Ni kweli, napenda nyumba. Shule nilifika Form Four, lakini safari niliyoipenda zaidi ni ya kutoka jikoni hadi kitandani. Ndiyo maana uongo wangu ulinikaa vizuri kama rinda la kupimiwa.

Baba Rose alianza kwa utani. "Huko kwaya unamwimbia nani?" Nikaacha kwaya. Akasema dada yangu ananipotosha; nikaacha kwenda kwake mtaa wa Jericho. Siku niliyochelewa bombani alinizaba kofi, jioni akaleta mkate na samaki, akalia. Nami, mjinga wa watu, nikamwonea huruma yeye! Watu wakiuliza mbona sionekani, nawajibu kwa uongo wangu ule, "Mimi ni mtu wa nyumbani." Dalili ya mvua ni mawingu, lakini mimi nilikuwa naanika nguo.

Mgeni wangu alikuwa Mama Akinyi, mzee wa mlango wa tatu, ulimi wa pilipili na moyo wa uji. Alimaliza chai, akainuka. Kwetu mgeni haagwi mkiwa mmekaa. Unamsindikiza, na maneno matamu huanzia njiani. Nilimfikisha kizingitini, nikasimama kama mbuzi aliyefika mwisho wa kamba.

"Wewe Mama Rose, chai umenipa, njia unaninyima?"

"Nina kazi, mama."

"Hadi bombani tu. Hata kuku wangu hufika."

Nikatazama bomba, nikatazama saa ukutani. Mguu ulikataa. Akashusha sauti.

"Amekukataza?"

Nikacheka. Kicheko kikageuka machozi katikati.

"Binti yangu, mimi pia napenda kukaa kwangu. Lakini nikitaka kutoka, natoka. Anakupiga?"

Hakuna aliyewahi kuniuliza. Nikaitikia kwa kichwa.

"Basi leo utanisindikiza hadi kwa dada yako."

Unajua nilijibu nini? Kwamba maharagwe ya Baba Rose bado hayajaiva! Mama Akinyi alizima stovu mwenyewe. Tulichukua kitambulisho changu, kadi ya kliniki ya Rose na nepi, tukatoka nikiwa na patipati, ndala zangu za mpira, miguuni. Kila hatua nilihisi kisogo changu kinatazamwa. Mama Akinyi alinishika mkono, akisimulia habari za kuku wake njia nzima.

Dada alifungua mlango, akanikumbatia. "Nilidhani umenichukia," akasema. Kumbe kila mmoja alikuwa akimlilia mwenzake peke yake. Wiki iliyofuata Baba Rose alikuja na mkate. Shemeji, mume wa dada, alimzuia mlangoni, na mkate akarudi nao. Mgeni njoo, mwenyeji apone: wahenga walijua.

Sasa sikiliza, mwanangu, uwe msichana au mvulana. Anayekutenga na watu wako kidogokidogo hakulindi. Anayekagua simu yako, anayekufanya upime kila neno kabla ya kulitamka, huyo unamwogopa. Usiuite woga huo heshima. Kofi halifutwi na samaki. Na kosa si lako, hata kama maharagwe yaliungua. Mficha uchi hazai: mwambie mmoja unayemwamini, jirani, dada, daktari, au nenda dawati la jinsia kituo cha polisi. Ukiamua kuondoka usimtangazie. Toka akiwa hayupo, usitoke peke yako. Na ukimwona mwenzako amekwama kizingitini, usimcheke. Muulize, polepole, mkiwa wawili.

Mungu akupe nyumba ambayo utakaa kwa kupenda, kama mimi na kiti changu. Akupe majirani wenye masikio na njia isiyo na hofu. Na siku yoyote ukihitaji wa kutoka naye, nibishie mlango. Magoti yatalalamika, lakini patipati ziko hapa chini ya kiti. Nitakusindikiza.