Orvane Alivyokula Sombe Ubwari

Kabla sijaona chochote nilisikia maganda ya karanga. Yalikuwa yakivunjika moja moja karibu na sikio langu la kushoto, na katikati yake sauti ya mama ilikuwa ikisimulia kwamba Orvane amefika rasi ya Ubwari, miguu imemvimba, na wenyeji wamemchemshia maji ya chumvi na kumpikia sombe, majani ya muhogo. Nilitaka kumwambia kwamba Orvane hajawahi kufika Ubwari, kwamba katika vitabu vile hakuna Ubwari wala sombe. Ulimi haukutikisika. Nikaendelea kusikiliza gizani, na giza lenyewe lilikuwa la uvuguvugu, kama maji ya ziwa alasiri.

Nawaandikia ninyi mlio vitandani, na ninyi mnaokaa kando ya vitanda hivyo. Niliugua homa ya matumbo, utumbo ukatoboka, nikapona. Nitaeleza ilivyokuwa.

Naitwa Riziki. Naishi Baraka, mji wa kando ya ziwa, na mama yangu, ambaye kazi yake ni kuanika ndagala, dagaa wa ziwa letu, na kuwauza. Asubuhi nilikuwa nafundisha Kifaransa, jioni nilikuwa nasoma na kuandika. Mwaka ule nilikuwa ndani ya hadithi moja ndefu sana, vitabu kumi na vinne, kila kimoja kinene kama tofali. Inamhusu mwanamke aitwaye Orvane, anayebeba kengele isiyo na ulimi kupitia falme thelathini zinazopigana, akitafuta mlima ambao juu yake kengele hiyo italia yenyewe. Nilikuwa nikiinua macho kutoka ukurasani na kuona milima ya Itombwe imefunikwa na ukungu, na kwa muda sikujua niko upande gani.

Mwenye vitabu ni rafiki yangu Désiré, Mrundi anayeishi kambi ya wakimbizi ya Lusenda. Familia yake ilipokimbia, baba yake aliacha magodoro akabeba vitabu. Désiré amevisoma vyote mara tatu, na ana sheria moja tu. Anakuazima kitabu kimoja, ukikirudisha anakupa kinachofuata, na hasemi hata neno juu ya yanayokuja. Nilikuwa napanda moto, yaani pikipiki, mpaka Lusenda, kitabu kimefungwa kifuani ndani ya koti, na siku moja dereva akaniuliza kama mtoto amelala.

Mama hasomi Kifaransa. Basi kila alasiri, tukichambua ndagala mchangani, nilimsimulia nilichosoma kwa Kiswahili chetu. Aligombana na wafalme. Aliwatukana wachawi. Zaidi ya yote alimhurumia Orvane kwa njaa.

“Huyu mwanamuke anakulaka saa ngapi?” aliniuliza siku moja. “Kitabu ya tano sasa, anatembea tu.”

Kisha ikaja habari kwamba hadithi hiyo inatengenezwa kuwa filamu ya vipindi vingi. Désiré alinionyesha kipande kifupi katika simu yake: theluji, mlima, mkono wa mwanamke umeshika kengele. Tulikitazama mpaka chaji ikaisha. Nikaapa kwamba nitamaliza vitabu vyote kabla filamu haijaanza kuonyeshwa. Nilikuwa katika kitabu cha tisa.

Kichwa kilianza kuniuma wiki hiyo hiyo. Sikukijali, nilidhani ni macho. Homa ikawa inapanda kila jioni. Nikanunua vidonge vya malaria sokoni, nikameza, nikaendelea kusoma. Homa haikushuka, nikanunua tena. Tumbo lilifunga siku nne, kisha likafunguka, maji ya kijani yenye harufu mbaya, na mimi nikaenda chooni na kitabu. Mama aliponigusa paji la uso nilimwambia ni jua. Hilo ndilo kosa langu. Ndani ya homa hiyo kurasa zilikuwa tamu kuliko wakati wowote. Niliisikia theluji chini ya miguu yangu. Orvane alinitangulia hatua chache tu, na nilikuwa na hakika kwamba nikilala nitampoteza.

Siku ya kumi na mbili kitu kilikatika ndani ya tumbo, upande wa kulia, kama uzi. Maumivu yalinikunja, kisha tumbo likawa gumu kama ubao. Nilitapika nyongo. Mama alinifunga kwa kikwembe, kitenge chake, mgongoni mwa dereva wa moto, naye akakaa nyuma yangu kunishikilia. Nakumbuka kila shimo la barabara ile.

Hospitalini daktari alibonyeza tumbo langu kidogo, nikapiga kelele, akaacha. Alimwambia mama kwamba utumbo umetoboka na uchafu umemwagika ndani, lazima nipasuliwe saa hiyo hiyo. Mama alimuuliza kama nitapona.

“Mama, ningeweza kukuambia ndiyo,” daktari alisema. “Lakini sijui bado.”

Désiré alipata habari, akaja kutoka Lusenda na kitabu cha kumi ndani ya mfuko, kwa sababu hakujua kitu kingine cha kumletea mgonjwa. Alikaa na mama kwenye benchi, wakati mimi nikiwa ndani napasuliwa.

Siku zilizofuata sizijui kwa hesabu. Nazijua kwa safari. Sauti ya mama ilimtoa Orvane Ubwari kwa mtumbwi, ikampandisha milimani kwa wafugaji, waliompa maziwa na kumlaza karibu na ng'ombe ili apate joto. Alipita Fizi siku ya soko. Akapewa viatu. Kila nilipozama, maganda ya karanga yalivunjika na Orvane alikuwa amefika kijiji kingine, amekaribishwa, anakula. Nilimfuata kwa sababu nilitaka kujua atapewa nini kesho.

Baadaye nimeambiwa kwamba chumba kizima kilikuwa kikisikiliza. Mama mmoja wa kitanda cha pili, aliyekatwa kidole cha mguu, alilalamika kila asubuhi.

“Mama Riziki, jana ulimuacha mutoni. Alivuka ao hakuvuka? Mi nimelala mubaya.”

Mama huyo huyo aligundua kwamba Désiré amevisoma vitabu. Akamuuliza mbele ya watu kama kweli Orvane alipewa viatu huko Fizi. Désiré aliangalia miguu yake mwenyewe.

“Ndivyo, mama,” akasema. “Alipewa.”

Nilifungua macho asubuhi moja, nikaona dari, kisha mpira wa plastiki unaotoka ubavuni mwangu, unatiririsha maji ya kahawia. Kisha mama. Alikuwa na maganda ya karanga mapajani. Aliyapukuta, akatoka kumwita muuguzi.

Kupona kulichukua muda mrefu kuliko kuugua. Kidonda kilioza kwenye ncha ya chini, kikawa kinatoa usaha, na kila siku muuguzi alikisafisha na kukijaza shashi, nami niliuma kikwembe cha mama mpaka nikakitoboa. Nywele zangu zote zilinyonyoka. Ngozi ya viganja ilibanduka. Nilijifunza tena kukaa, kisha kusimama, kisha kwenda mpaka dirishani. Kijiko cha kwanza cha uji nilikilia machozi, maana kilikaa tumboni.

Namshukuru Mungu. Nawashukuru daktari na wauguzi, na ndugu wa ukoo wetu waliotoa damu yao, na dereva wa moto aliyeendesha polepole. Kwenu nasema: homa ikizidi siku tatu nendeni mkapimwe, msijitibu sokoni kama mimi. Chemsheni maji ya kunywa, hata kama ziwa linaonekana safi. Mkifika hospitali semeni yote, hata ya chooni. Na wewe unayemlinda mgonjwa aliyepoteza fahamu, usikae kimya kando yake. Zungumza naye. Anaweza kuwa anakusikia.

Limebaki jambo moja.

Nilipopata nguvu ya kushika kitabu nilifungua cha kumi. Kurasa chache tu, Orvane analala kando ya kijito, mwili unawaka homa, na asubuhi hayupo tena. Mtu mwingine anaichukua kengele. Nilikifunga. Mama aliniuliza Orvane amefika wapi, nikamwambia yuko njiani.

Lakini filamu inakaribia. Kijana mmoja mwenye jenereta ameahidi kuionyesha hapa Baraka, na mama ameshawaambia wenzake wote wanaoanika ndagala. Alipomwona katika simu yule mwigizaji wa Orvane alisema amekonda, kisha akamsamehe. Sikuweza kumwacha aende kukaa mbele ya watu, amngoje mtu ambaye atakufa. Jana asubuhi nilijikaza.

“Mama, Orvane anakufa. Homa inamuua.”

Alikuwa anajifunga kikwembe. Aliendelea kujifunga.

“Najua.”

Nilimuuliza nani alimwambia.

“Désiré. Ile siku banakupasua. Nilimuuliza kama Orvane anafika kule kwa mulima. Alianza kulia, akasema hapana, anakufa. Nikamuambia, we Murundi, funga ile kitabu yako. Kuanzia hapa, mi ndiye nitaendelea.”

Kisha nikamuuliza kama bado anataka kuiona filamu.

“Nitaiona. Nataka kuona hizo falme zote. Ikifika hapo pa kufa, nitatoka inje kidogo.”

“Na Orvane wako, mama? Alifika mlimani?”

Alikuwa ameshainua beseni la ndagala kichwani. Akafikiri, mkono mmoja juu, kama anayetafuta mahali alipoweka kitu.

“Sijui. Ulifungua macho, nikaachia hapo.”

Akainama ili beseni lipite, akatoka, na mlango ukajifunga nyuma yake.