Dakika Sita Nyuma ya Mzee

Mniwie radhi kwa mwandiko wangu na makosa ya herufi. Niliishia darasa la saba na huandika polepole. Kutembea natembea haraka, ingawa kuna karatasi hapa Toronto inayokanusha.

Baada ya kutafuta mwaka mzima, nilipata kazi katika ghala la mizigo huko Malton, pembezoni mwa jiji. Ni kazi ya kutwa kwa miguu, kwa hiyo walinipeleka kliniki kupimwa mwendo: dakika sita, kwenda na kurudi kwenye korido, zihesabiwe mita. Muuguzi akaniuliza umri, kimo, uzito na asili. Nikasema Mwarabu, maana babu wa babu yangu alitoka Omani. Mimi nimetoka Pemba, na Kiarabu changu ni cha kwenye sala tu. Akafurahi, akafungua jedwali la mita wanazotembea Waarabu wazima wenye afya.

“Tembea kadiri uwezavyo,” akasema. “Usizungumze.”

Raundi ya kwanza nilikwenda vizuri. Ya pili nikamkuta mbele yangu mzee mwenye kofia ya viua na bakora, anafanya mazoezi baada ya kuugua.

“Ya Rabi, magoti haya!” akanung’unika, kwa Kiswahili.

Basi tena. Nimpite mzee kimya kimya?

“Shikamoo, babu.”

“Marahaba. Wazazi hawajambo?”

“Hawajambo.”

“Wa wapi wewe?”

“Wete.”

“Wete kwa nani?”

Hapo nikajua mita zangu zimekwisha, nikabaki nyuma yake.

“Mbona wanifuata kama askari? Pita!”

“Tangulia tu, babu.”

“Una adabu wewe,” akasema, akapunguza mwendo ili anihadithie habari za shemeji yake wa Wete.

Muda ulipokwisha, muuguzi alitazama jedwali, akanitazama mimi. Umri mzuri, kimo kizuri, uzito mzuri.

“Miguu inauma?”

“Hapana.”

“Kifua?”

“Hapana.”

Jedwali lake halikuwa na safu ya wazee waliotangulia, na mimi kwa haya sikuweza kueleza. Akaandika kwamba sikujitahidi. Ghala wamenishikia nafasi mpaka nirudie kipimo Jumatatu. Nikishindwa tena, anapewa mwingine.

Ijumaa nilimkuta mzee msikitini, nikamwambia.

“Jumatatu? Nami nipo! Kliniki wamenisifu, siku ile nilitembea kuliko siku zote. Tutakwenda pamoja, mjukuu wangu.”

Nikasema inshallah. Tafadhali niandikieni kabla ya Jumatatu, hata kwa mwandiko mbaya kama wangu: nyinyi mngempita?